Kisu Kilichonoleka Upesi

Kaeni chini, wanangu, wote, na wewe Dativa mke wa mwanangu acha hizo ndizi zichemke zenyewe uje ukae karibu na mumeo, maana nitakayoyasema leo yanakugusa na wewe. Joanitha, weka hiyo simu yako hapa juu ya mto inase sauti, kwa sababu sauti yangu siku hizi inakuja na kuondoka inavyotaka, na sitaki baadaye mkae hapa mnabishana juu ya baba yenu, Tata alisema hivi, hapana alisema vile. Mchungaji anakuja mchana, ukoo unakuja Jumapili, na hao wote nitawapa yale maneno mazuri ambayo mgonjwa huwapa watu waliovaa vizuri. Nyie nataka niwape yaliyo moyoni kabla hawajafika. Nina wasiwasi, wanangu. Nimelala nao, nimeamka nao, na wala si wasiwasi wa kufa, huko kufa nimeshakukubali tangu daktari wa Bukoba aliponishika bega badala ya kuniandikia dawa. Wasiwasi wangu umeletwa na kisu.

Mwesiga, usitazame dari. Nitakufikia.

Nianze na mali, maana najua hamtatulia mpaka nimeitaja, na hata mimi sitatulia. Kibanja hiki, shamba letu lote la migomba, ni cha Mwesiga, pamoja na nyumba hii, mibuni yote na miti ya mipakani. Ndiye omusika wangu, mrithi wangu, ukoo unalijua hilo na sitaki mtu alifungue upya nikishafumba macho. Joanitha, ile nyumba yako ya Ijuganyondo umeijenga kwa jasho lako mwenyewe, kwa hiyo siwezi kukurithisha kilicho chako, ila hapa una chumba, kile cha mwisho, na Mwesiga hatakigeuza stoo ya kahawa hata mavuno yafurike vipi. Umesikia, Mwesiga? Mbuzi wa Dativa ni wa Dativa, wasiguswe siku ya msiba, najua binamu zangu wanavyowatazama wakija hapa. Na vitu vyangu vya kunolea, kile kinoo cha zamani, bamba la almasi na mkanda wa ngozi, vyote naviacha kwa Joanitha, kwa sababu kaka yake anakandamiza mno. Usinune, Mwesiga. Nimekuambia hivyo tangu una meno ya utoto, unanoa kama mtu anayetwanga.

Nyie mmekua mkiniona nimekaa pale soko la Kamachumu na kinoo changu na kopo la maji, na kila mtu aliyeleta panga, kisu cha jikoni au muhoro, huu mundu wetu wa migomba, aliondoka nao una makali kabla hajamaliza kusalimiana na watu. Chuma cha namna ile ni laini, hakina ubishi. Kazi ilianza kunitoa jasho vilipoingia hivi visu vya kukunja vya chuma kigumu, vile ambavyo watoto wanaoishi nje huwaletea baba zao wakija Krismasi, vizuri kwelikweli, vinakaa mfukoni, halafu makali yakiisha hakuna mtu wa kuyarudisha. Cha kwanza kukishika kilikuwa cha Navnit. Unamkumbuka Navnit, Joanitha, yule Mhindi wa duka la vyombo pale Bukoba mjini, aliyekuwa anakupa peremende halafu anamsingizia mkewe kwamba ndiye anayezimaliza. Mwanawe Sunil alimtumia kisu kutoka huko aliko, kikaisha makali, mafundi wa mjini wakashindwa, ndipo mtu akamwambia yuko mzee mmoja Kamachumu.

Nikateremka Bukoba na kinoo changu cha jiwe la ziwani, nimejaa majivuno. Tukakaa nyuma ya duka. Nikanoa asubuhi, nikanoa baada ya chai, nikanoa watu wakienda kula na wakarudi wakanikuta ninanoa, na jioni jiwe lilikuwa limeingia shimo katikati na kisu hakikati hata nyanya. Navnit alicheka mpaka akashikilia mlango. "Rutashobya," akasema, "umekuja kunoa kisu, au kisu ndicho kimekuja kunoa jiwe?" Nilikasirika, nikanyanyuka niondoke, akanivuta shati, akaniletea chai nyingine ya maziwa, na tangu siku hiyo tukawa ndugu. Sunil akatuma bamba la almasi, tukajifunza wote wawili, tunakosea, tunabishana, mkewe anatupigia kelele tumwachie meza yake. Na walipofunga duka kuwafuata watoto wao, Navnit aliniita akanitia vyote viwili mkononi, kisu na bamba, akasema huko anakokwenda hakuna mtu wa kumcheka. Tulilia, watu wazima wawili, barabarani, mchana, mbele ya milango iliyofungwa.

Basi Joanitha, shika hivi. Bamba lilowanishe kwa maji yenye tone la sabuni, mafuta usitie. Kisu kilaze, kisha inua mgongo wake kidogo tu, kiasi cha punje mbili za kahawa zilizopandana, na ukishainua usibadilishe tena, hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, mkono unayumba. Usikandamize. Almasi ndiyo inayokula chuma, bega lako halina kazi hapo. Vuta kutoka shinani mpaka nchani, taratibu, upande mmoja, mpaka kidole kikuambie kuna ukingo mwembamba unaokwaruza upande wa pili, ndipo ugeuze. Ukimaliza pitisha kwenye mkanda wa ngozi, kwa kurudi nyuma tu, la sivyo utaukata. Usikubali mtu akuletee kisu cha namna hii amekitumia kufungulia kopo halafu akulaumu, chuma kigumu hakipindi, kinamegeka. Na uwe na subira, waitu, maana kisu cha chuma hiki kikishaisha makali kinakula asubuhi yako nzima, na hiki changu, tangu siku Navnit aliponipa, hakijawahi kunoleka upesi. Hakijawahi hata mara moja.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Nipandishe kidogo mto, Joanitha. Hapo, hapo panatosha.

Juzi nilimwomba Dativa aniletee kisu na bamba, mikono ilikuwa inaniwasha kwa kukosa kazi. Ulisita, mkwe wangu. Ulisema hukioni, ukaenda, ukakawia, ukarudi nacho umekifunga kwenye kitambaa kama kitu cha kuzawadia. Nikasema moyoni, mwache, amechoka, mgonjwa anasumbua. Nikakiweka kwenye bamba nikavuta, nikavuta tena, na vidole vikaniambia kabla akili haijafika: bamba lilikuwa linakiuma kisu. Chuma kilikuwa kinatoka kinaingia kwenye maji, cheusi, bila ubishi wowote, kana kwamba ninanoa kisu cha kukatia mchicha. Fundi mwingine angefurahi. Mimi sikufurahi. Mikono hii ya sasa haiwezi kuua hata inzi, na kisu kile kilipata makali kabla chai haijapoa! Nikajaribu kwenye kamba ya mgomba, ikakatika vizuri. Nikakata tena, ikakatika kwa kuvutavuta. Nikakitazama, makali yalikuwa yamelala upande. Kisu kilichokuwa kinakaa na makali miezi, kimechoka kwa kamba ya mgomba.

Nikakielekeza dirishani nikakifungua mpaka mwisho. Mtu alikuwa amekisugua kwa majivu, na alisugua kwa bidii, kiling'aa kuliko siku kilipotoka kwa Navnit. Lakini pale kwenye pini ya kukunjia, ambapo kidole hakiingii, rangi ilikuwa imebaki, zambarau na bluu, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Chuma hakiokoti rangi hiyo njiani. Kisu changu kilikuwa kimeingizwa motoni.

Nilikasirika, acha niseme kweli. Nililala nimegeukia ukuta, Joanitha akadhani ni maumivu, akanipa vidonge. Kisha hasira ikaondoka ikaniachia hofu, na hofu hiyo ndiyo inayonisemesha hapa. Kwa sababu nilijiuliza, katika nyumba hii nani anapitisha kisu motoni, na anakipitisha kwa nini? Na jibu lake hakuna mtu asiyelijua kuanzia hapa Muleba mpaka Rubafu. Tangu huu mnyauko uanze kula migomba yetu, bwana shamba amepita vijijini mpaka amekauka koo, akisema ukishakata mgomba unaoumwa usiguse mwingine kabla hujapitisha chuma chako motoni au kukiosha kwa Jiki. Amesema vizuri. Muhoro upitishe motoni hata kila siku, ni chuma laini, hauna la kupoteza. Hivi visu vya chuma kigumu vikishapata moto vinalainika moja kwa moja, na hakuna bamba litakalovirudisha. Vyenyewe ni Jiki, halafu maji, halafu kitambaa kikavu. Aliyekitia moto hakulijua hilo, na wala simlaumu, alikuwa analinda. Lakini alikuwa anajua jambo jingine, na jambo hilo mlikuwa mnanificha.

Mwesiga. Nitazame. Migomba inaumwa?

Sema kwa sauti, simu isikie.

Upande wa chini. Ndiyo. Majani yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva hazijakomaa, ukizipasua ndani ni kahawia, na shina ukilikata linatoa usaha wa njano. Ulikuwa unakata majani yaliyooza kwa kisu changu, ukaogopa kukirudisha kwenye mizima, ukakitia jikoni kwenye makaa. Nimekuelewa. Tangu lini? Tangu kabla ya senene! Jamani, Mwesiga! Senene wameanguka, tumewakaanga, tumewala, mmekaa na mimi hapa mnanisimulia habari za dunia nzima, na upande wa chini unakufa?

Subirini. Nipeni maji.

Dativa, na ndizi mlizokuwa mnanilisha zilitoka wapi? Nilisema mimi, nilisema hapa kitandani, ebitoke hivi vina ladha ya shamba la watu, mkaniambia ugonjwa umeniharibu ulimi. Kumbe mkwe wangu unapanda mpaka gulioni kununua ndizi, mwanamke mwenye kibanja chake, unazifunika kwa kanga usionekane na majirani, ili mzee afe akidhani anakula cha kwake. Usilie. Nawapenda kwa hilo, na kwa hilo hilo mmeniumiza, vyote viwili viko hapa kifuani na sijui nitoe kipi kwanza.

Najua mlivyofikiri. Mlifikiri habari hii itanimaliza. Na wewe Mwesiga ulifikiri zaidi ya hapo, nakujua, uliogopa watu watasema kibanja kimemkataa mrithi, mzee hajafa na migomba imeshageuza uso. Ni upuuzi. Mgomba hauchagui mtu. Ule ni ugonjwa, unaletwa na chuma chenye maji ya mgomba mgonjwa, unaletwa na nyuki waliotua kwenye ua dume la mgomba mgonjwa, unaletwa na mche wa kupewa na rafiki mwema kabisa. Akija mtu hapa na jina la mchawi mdomoni, mpeni chai, akimaliza mwonyesheni njia.

Ila sasa sikilizeni kinachonitoa jasho, na muache kujifuta machozi mnisikilize, maana hapa ndipo penyewe. Mimi sina siku nyingi. Na nikifa, mnajua msiba wetu ulivyo. Kijiji kizima kitaingia hapa. Wanaume watakuja na mihoro yao, wataangusha migomba kupata nafasi ya watu kukaa, watakata majani ya kufunikia vyungu, watakata mikungu ya kupikia waombolezaji. Kila anayefika atakata, bila kuuliza, kwa sababu kuuliza ni kumtukana mfiwa. Chuma kile kile kitapita kwenye mgomba mgonjwa na kwenye mgomba mzima. Kisha msiba utakwisha, kila mmoja atarudi kwake na muhoro wake, na kesho yake ataingia kibanjani mwake kupunguza majani. Mmeona? Mimi nitakuwa nimelala chini nimesifiwa vya kutosha, na huku juu ugonjwa umegawiwa nyumba kwa nyumba kama nyama ya sikukuu. Mihoro ile nimeinoa mimi. Watu wale nimewanolea mpaka nimezeeka, wananilipa na wasiponilipa wananiletea kahawa ya kutafuna, tunacheka. Halafu nife niwaachie njaa? Hapana. Nikilifikiria hilo nataka kutoka kitandani, na miguu haitaki.

Kwa hiyo nawaagiza, na hili si ombi. Nikikata roho, kabla hamjapiga yowe, Mwesiga uzungushe kamba njia zote za kuingilia kibanjani, na usimame pale wewe mwenyewe, si mtu mwingine, mwenye msiba. Chuma kisiingie na kisitoke. Jani lisikatwe hata moja, hata la kumkalisha askofu. Watu wakusanyike uwanja wa kanisa, wapikiwe wali na maharage. Watasema Rutashobya amezikwa kwa wali kama mtu wa kuja. Waseme, nitakuwa siwasikii.

Na humu msinizike.

Nyamaza, Joanitha. Nyamaza mwanangu, niache nimalize nikiwa na pumzi. Najua Mhaya asipozikwa kibanjani kwake watu wanauliza alifukuzwa na nani. Mahali pangu nilishapachagua, mnapajua, pale kando ya mama yenu, nilikuwa napapalilia mwenyewe na nikichoka nakaa hapo hapo. Lakini ili mchimbe kaburi pale itabidi migomba ikatwe, majembe yaingie, umati ukanyage kutoka chini mpaka juu, na mtu wa kuosha majembe yote hayo na viatu vyote hivyo simwoni. Nizikeni makaburi ya kanisa. Naumia, wanangu, sitawadanganya, hili linaniuma kuliko hiki kilichomo tumboni mwangu. Nilitaka kulala karibu na mama yenu. Mkienda kupalilia kaburi lake, mwambieni sikumkimbia.

Na pale kanisani, Mwesiga, kabla mchungaji hajafungua kinywa, usimame mbele ya watu useme kibanja chetu kinaumwa, useme kinaumwa upande gani, useme kila mtu akaangalie kwake. Usiseme kwa mafumbo. Ukiona aibu, tazama jeneza, useme ni mimi nimekutuma.

Lakini kabla ya hapo yuko Mushumbusi. Ndiyo, huyo huyo. Msitazamane. Kibanja chake ndicho kilichopakana na sisi upande wa chini, na najua, Mwesiga, katika watu wote ambao hukutaka wajue, yeye ndiye wa kwanza. Nyie mlikuwa wadogo tulipogombana juu ya mpaka. Mimi nilisema amesogeza milamula, ile miti ya mpakani, akaipanda upya ndani ya ardhi yangu, yeye akasema milamula imekaa ilipopandwa na baba yake, tukapelekana kwa mwenyekiti, na pale mbele ya watu akasimama akasema kibanja cha Rutashobya kitakufa siku moja na Rutashobya. Maneno hayo yamekaa na mimi miaka yote. Tunapeana mikono mlangoni mwa kanisa kwa sababu mchungaji anatutazama, basi. Na leo natakiwa nimwambie kwamba alisema kweli. Mnadhani ni rahisi?

Atacheka, unasema. Acheke. Migomba yake inagusana na yetu majani kwa majani, upepo ukivuma unasikia inasuguana, na yeye ana wajukuu wanaokula pale. Akicheka leo na kuiokoa migomba yake, nitakuwa nimeridhika. Na ule mpaka ubaki ulipo. Kesi ile nimeifunga, Mwesiga, hukuirithi, isije ikatajwa na mtoto wangu wala mjukuu wangu, hata mkiwa mmelewa lubisi.

Sasa inukeni. Sasa hivi, si baada ya mchungaji, si baada ya Jumapili. Dativa, nenda kwa Mushumbusi mwenyewe, usitume mtu wala usipige simu, mwambie Tata amesema kibanja chetu kinaumwa, uje uone kwa macho yako. Mwesiga, chukua muhoro na jembe na ile ndoo, tia Jiki ya kutosha, usiibane. Kata unaoumwa, ng'oa mpaka shina, fukia hapo hapo, usiuburute kupita kwenye mizima. Osha chuma kila unapotoka kwenye mgomba kwenda mwingine, osha hata ukiona ujinga, osha hata mkono ukichubuka. Maua dume ya mizima yavunje kwa mti wenye panda, usiyakate. Pale palipong'olewa usipande mgomba mpaka bwana shamba aseme, panda maharage, panda mahindi, watu watakucheka kwa mahindi, wazoee. Na anza nikiwa bado nasikia. Macho hayafiki kule chini, lakini masikio yanafika. Nataka nisikie wa kwanza ukianguka, maana nisiposikia nitakufa nikidhani mmenikubalia ili ninyamaze, na mwaka huu mmenidanganya vya kutosha.

Njoo kwanza. Inama, mgongo wangu hauinuki. Na wewe Dativa. Joanitha, leta mkono. Mungu aliyewatunza waliokaa hapa kabla yangu awatunze nyie. Awape udongo usiowasaliti, awape watoto wa kulilia chakula na chakula cha kuwanyamazisha. Msinuniane. Mkikosana, mtafutane kabla ya jua kuzama, mimi nilichelewa sana na mtu mmoja. Kile mlichonificha kwa kunipenda nimekisamehe. Nawabariki kwa mdomo huu, mdomo mwingine sina. Haya, nendeni. Usiniage, Mwesiga. Nenda.

Wameondoka?

Joanitha, fungua dirisha. Lote. Simu iache inase, hivyo hivyo.

Kimya... Mbona kimya? Amesimama pale anautazama. Namjua. Mgomba ule nilimwonyesha kuupanda mimi... Kata, mwanangu. Kata, jamani, kata...

Haa. Umesikia? Huo ndio muhoro. Subiri... subiri... Umeanguka. Umeanguka, Joanitha, nimeusikia mwenyewe, majani yote. Ee Mungu wangu. Nishike mkono. Hapana, siumwi... nishike tu.

Wa pili huo. Anaosha kati yake? Husikii maji? Mimi nasikia maji... nadhani nasikia.

Lakini... tulia. Tulia nisikilize. Mihoro ni miwili. Mmoja unajibu mwingine. Dativa hakati vile... Na nani huyo anakohoa? Kikohozi hicho nakijua, miaka yote kinanikera kanisani... Ni Mushumbusi. Yuko kwetu. Anakata na mwanangu.

Kimbia, Joanitha. Niache, siendi popote, kimbia... Muhoro ule ni wake, atarudi nao kwake... asivuke mpaka nao hivyo, ataiua migomba yake... Mpe ndoo... Mwambie Rutashobya anasema asante... mwambie asante sana... lakini auoshe kwanza.